Anayehesabiwa na Asiyehesabiwa: Rejista ya Saratani Inavyofanya Kazi Mwanza

Ukiuliza Hospitali ya Bugando iliwahudumia wagonjwa wangapi wa saratani mwaka jana, utapewa namba. Ukiuliza wakazi wangapi wa Mkoa wa Mwanza walipata saratani mwaka huohuo, namba ile haikufikishi popote. Kwenye benchi la kliniki ya saratani pale kilimani amekaa mtu wa Bunda, wa Chato, wa Bariadi na wa Kahama. Yupo anayekuja leo kwa mara ya kwanza, na yupo aliyegundulika miaka minne iliyopita akarudi kwa uchunguzi tu. Mama mmoja anaweza kufika mara kumi kwa ajili ya dripu za tibakemia, na kila safari jina lake likaandikwa upya kitabuni. Wakati huohuo kuna mtu wa Ukerewe aliyefia nyumbani bila kupimwa, na mwingine wa Magu ambaye ndugu zake walimpeleka moja kwa moja hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Rejista ya saratani ya jamii haihesabu kazi ya hospitali. Inahesabu saratani mpya zilizowapata wakazi wa eneo lenye mipaka, kila moja mara moja, hata kama mgonjwa alitibiwa mkoa mwingine. Rejista ya namna hiyo ipo Mwanza, imekaa Bugando, na eneo lake ni mkoa. Maneno matatu ndiyo yanayoendesha shughuli yote: mpya, mkazi, mara moja. Yakitamkwa ni mepesi. Kwenye vitabu vya hospitali kila moja lina mitego yake.

Mgonjwa mmoja, nyayo saba

Tuchukue mgonjwa wa kubuni. Tumwite Kulwa Masanja, mkulima wa kijiji kimoja wilayani Sengerema. Ametokwa na damu miaka miwili baada ya kukoma hedhi. Machi 12 anafika hospitali ya wilaya, muuguzi anamkagua mlango wa kizazi, anaona kidonda kinachovuja damu na kumwandikia rufaa. Aprili 9, Bugando, wanamkata kinyama cha kupimwa maabara. Aprili 30 majibu yanatoka: saratani ya mlango wa kizazi. Mei analazwa kuongezewa damu. Juni anaanza mionzi. Mwaka unaofuata anafariki nyumbani kwake.

Ameacha nyayo kwenye kitabu cha hospitali ya wilaya, kitabu cha wagonjwa wa nje cha magonjwa ya wanawake, daftari la maabara ya patholojia, kitabu cha wodi, kitabu cha mionzi, kitabu cha tiba shufaa (ya kupunguza maumivu), na pengine kwa mtendaji wa kijiji aliyeandika kibali cha mazishi. Kazi ya msajili wa saratani ni kuziokota nyayo hizo zote na kuzirudisha kwa mtu mmoja.

Kuna namna mbili za kuzipata. Nchi kama Denmark, yenye rejista ya taifa tangu 1942, hutegemea taarifa zinazotumwa na hospitali na maabara, na kila raia ana namba yake moja. Kwetu, kama ilivyo sehemu kubwa ya Afrika, msajili huzifuata mwenyewe. Anabeba fomu au kompyuta ndogo, anakwenda wodini, masjala, maabara, na kwenye hospitali za wilaya zilizoko ng'ambo ya maji. Ratiba nzuri hupita maabara ya patholojia kila wiki na hospitali za pembezoni kila baada ya mwezi au robo mwaka. Mwaka mzima ukipita bila kutembelea, vitabu vilivyojaa vimeshahamishiwa stoo, na stoo za hospitali zetu zina panya na paa zinazovuja.

Mahali pa kuanzia ni maabara ya patholojia, maana pale kila mstari unahusu nyama iliyokatwa kwa kushukiwa jambo. Rejista inayoishia hapo, hata hivyo, imejikata mguu. Saratani ya ini mara nyingi hugunduliwa kwa utrasaundi tu. Ya umio huonekana kwa kamera ya endoskopi, mgonjwa akarudi nyumbani kabla majibu hayajatoka. Ya damu iko kwenye kitabu cha hematolojia (vipimo vya damu), si cha histolojia (vinyama). Sarkoma ya Kaposi inaweza kuwa imeandikwa kliniki ya CTC, ya wanaoishi na VVU, peke yake, kwa kuwa daktari aliona mabaka miguuni na kinywani akaanza tiba bila kukata kinyama. Limfoma ya Burkitt, ile inayovimbisha taya la mtoto, uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Wapo watoto wanaoanza tiba kwa majibu ya sindano tu, na wapo wanaofariki kabla hata ya hiyo sindano. Ndiyo maana msajili hupita pia chumba cha upasuaji, chumba cha utrasaundi, wodi ya watoto, kliniki ya macho, tiba shufaa na mochwari. Maabara binafsi za mjini nazo zisisahaulike. Mgonjwa aliyetolewa uvimbe kwenye hospitali binafsi anaweza kupokea majibu mkononi na asikanyage Bugando maisha yake yote.

Nini kinaandikwa, nini kinaachwa

Si kila uvimbe ni wa rejista. Kanuni ya msingi ni kuandika uvimbe wote wenye tabia ya saratani inayovamia. Baadhi ya rejista huongeza hatua inayotangulia uvamizi, hasa kwenye mlango wa kizazi, lakini huiweka pembeni isichanganywe kwenye jumla. Uvimbe wa ubongo na wa kibofu una utaratibu wake, kwa sababu hata usio saratani unaweza kuua au kugeuka. Faibroidi za kizazi, vivimbe vya mafuta na tezi dume iliyokua kwa uzee haviandikwi, ingawa kwenye kitabu cha upasuaji vimeandikwa kwa mwandiko uleule wa haraka na neno lilelile, "uvimbe".

Kigumu zaidi ni lugha ya majibu. Daktari wa patholojia huandika kwa Kiingereza cha kitabibu, na si kila mara anasema wazi kwamba hii ni saratani. Anaweza kuandika kwamba seli zinaelekea kuwa za saratani, au zinaendana na saratani, au kwamba saratani haiwezi kuondolewa kwenye orodha ya mashaka. Kwa msomaji wa kawaida kauli hizo ni ndugu. Kwa msajili sizo. Rejista lazima iwe na karatasi iliyobandikwa ukutani inayotaja kauli zipi zinahesabika kuwa utambuzi na zipi hazihesabiki. "Inaendana na" kwa kawaida huhesabika. "Haiwezi kuondolewa" haihesabiki mpaka kipimo kingine kithibitishe. Bila karatasi hiyo, wasajili wawili wataisoma ripoti moja na kutoa majibu mawili, na tofauti kati ya mwaka huu na mwaka jana itakuwa ni tofauti ya wasajili.

Nyama yenyewe nayo huharibika. Kinyama kinatakiwa kutumbukizwa mara moja kwenye fomalini ya asilimia 10, na ujazo wa dawa uwe kama mara kumi ya ujazo wa nyama. Kikiwekwa kwenye maji ya chumvi, au kikasokotwa kwenye kichupa chenye dawa kidogo kikasafiri na basi kutoka wilayani kwenye joto, kinafika kimeoza katikati, na maabara inajibu kwamba hakisomeki. Hapo mgonjwa huenda akatibiwa kwa dalili tu. Kwenye rejista anaingia kama mgonjwa asiyethibitishwa, wakati kosa lilikuwa la kichupa.

Igoma siyo anwani

Kulwa alipoandikishwa Bugando aliulizwa anakaa wapi. Akajibu Igoma, kata ya Jiji la Mwanza, kwa kuwa ndiko alikofikia, kwa kaka yake. Karani akaandika Igoma. Kwa bahati Sengerema nayo imo mkoani Mwanza, kwa hiyo jumla ya mkoa haiharibiki. Inayoharibika ni ya wilaya. Angekuwa ametoka Geita, rejista ingehesabu saratani ambayo si ya Mwanza. Wageni wa namna hiyo wakiwa mia, kiwango cha Mwanza kinapanda bila mkazi hata mmoja kuugua zaidi.

Hili ndilo kosa linalozitesa zaidi rejista zilizokaa kwenye miji yenye hospitali za rufaa, kuliko hata majina. Swali "unakaa wapi?" halifai. Linalofaa ni refu kidogo: kabla hujaanza kuugua ulikuwa unaishi kijiji gani, kwa muda gani, mwenyekiti wako ni nani? Rejista nyingi huweka kigezo cha makazi ya miezi 6 au zaidi. Aliyehamia kwa ajili ya matibabu hahesabiki hata kama amekwishakaa mwaka. Namba ya simu ya ndugu wa karibu inasaidia. Jina la kituo kilichoandika rufaa linasaidia zaidi, kwa sababu mtu wa Sengerema hawezi kuwa na barua ya rufaa kutoka Bariadi bila sababu.

Mipaka nayo husogea. Mkoa wa Geita ulizaliwa 2012 kwa kumegwa kutoka Mwanza, Kagera na Shinyanga, na mpaka leo kuna wazee wanaojibu "Geita, Mwanza" kama walivyozoea. Msajili mgeni anaona neno Mwanza, anaweka alama ya ndiyo. Mkongwe anaona neno Geita, anageuza ukurasa.

Kulwa, Kurwa na Magdalena

Baada ya makazi huja majina. Kitabu cha wilaya kina Kulwa Masanja, miaka 52. Maabara ina Kurwa Masanja, miaka 50. Wodini ameandikwa Kulwa Shija, kwa jina la mume. Kadi ya bima inasema Magdalena K. Masanja, aliyezaliwa 1971. Watu wanne, au mmoja?

Kompyuta husaidia kiasi. Rejista nyingi za Afrika hutumia CanReg5, programu inayotolewa bure na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, lenye makao Lyon, Ufaransa. Hulinganisha jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa na kadhalika, kisha hutoa alama: hawa wanafanana sana, hawa kidogo. Uamuzi unabaki kwa binadamu. Na mbinu za kulinganisha majina kwa sauti zilibuniwa kwa majina ya kwingine. Soundex, ile kongwe iliyopewa hataza Marekani 1918, humpa L namba 4 na R namba 6, kwa hiyo Kulwa anakuwa K400 na Kurwa K600, watu wawili kabisa. Huku kwetu, ambako Marwa wa Tarime huandikwa Malwa na karani wa Kisukuma bila mtu kushtuka, mbinu hiyo lazima irekebishwe kwanza, L na R zipewe namba moja.

Kulwa na Doto ni kesi ya peke yake. Ni majina ya pacha: wa kwanza Kulwa, wa pili Doto. Kulwa Masanja na Doto Masanja, wote wa kijiji kimoja, wamezaliwa siku moja. Kompyuta inaweza kuwaona kuwa mtu mmoja aliyekosewa jina, na msajili mvivu akawaunganisha. Hata Kulwa Masanja wawili si ajabu, maana pacha wanazaliwa kila kijiji na Masanja wako wengi. Ndiyo maana umri na jinsia havitoshi. Panahitajika kijiji, jina la tatu, na sehemu ya mwili iliyougua.

Umri wenyewe unakuja na miguu yake. Ukiupanga umri wa wagonjwa wazee, utaona milima kwenye 50, 60 na 70, na mabonde kwenye 51 na 69. Watu wanakadiria, makarani wanazungusha. Tofauti ya miaka miwili kati ya vitabu viwili isimfanye mtu kuwa watu wawili, na isimzuie msajili kutafuta kitambulisho cha NIDA au kadi ya kliniki yenye tarehe halisi.

Saratani moja au mbili

Akishapatikana mtu mmoja, swali linageuka: ana saratani ngapi? Rejista huhesabu uvimbe wa awali, si watu. Kulwa akija kupata saratani ya titi isiyohusiana na ya mlango wa kizazi, anaingia mara mbili kwa haki. Saratani yake ikisambaa kwenye mapafu, haingii tena. Huo ni mwendelezo. Ikirudi baada ya miaka mitatu, vilevile haingii tena.

Kanuni za kimataifa, zilizoandikwa upya 2004, zinasema kiungo kimoja au jozi ya viungo hubeba saratani moja tu, isipokuwa seli zikiwa za aina tofauti. Madaktari wa upasuaji hushangaa wakiambiwa kwamba titi la kushoto na la kulia, seli zikiwa za aina moja, ni mstari mmoja hata zikipishana miaka. Marekani wanahesabu mbili. Hakuna aliyekosea, ila takwimu za mmoja haziwezi kuwekwa kando ya za mwingine bila kwanza kuulizana. Kwenye ngozi kanuni hii ina uzito wa peke yake Kanda ya Ziwa. Mtu mwenye ualbino anaweza kukatwa vidonda vitano vya saratani usoni, shingoni na mikononi kwa miaka kumi, na rejista ikaandika kimoja. Kwa kupanga takwimu ni sawa. Kwa anayetaka kujua mzigo wa upasuaji wa watu hao, namba hiyo inapunja, na aende kuuliza kitabu cha chumba cha upasuaji.

Kuigeuza ripoti kuwa namba

Maelezo ya daktari hugeuzwa misimbo kwa kitabu cha ICD-O, ambacho toleo lake la tatu lilitoka 2000 na kufanyiwa marekebisho baadaye. Msimbo una sehemu mbili. Ya kwanza ni mahali: herufi C na tarakimu tatu. Mlango wa kizazi ni C53, na C53.9 ikiwa sehemu yake haikutajwa. Tezi dume ni C61.9, ini C22.0, titi C50. Ya pili ni umbile la seli: tarakimu nne, kisha mkwaju, kisha tarakimu ya tabia. Sifuri ni uvimbe usio saratani, 1 wa mashaka, 2 ambao haujavamia, 3 saratani ya awali inayovamia, 6 iliyosambaa kutoka kwingine. Kulwa anakuwa C53.9 na 8070/3, yaani saratani ya seli bapa.

Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba tarakimu 6 ni ya maabara, si ya rejista. Kinyama kikitolewa kwenye ini na kuonyesha saratani iliyotoka kwenye mfuko wa tumbo, rejista haiandiki ini. Inaandika mfuko wa tumbo, tabia 3, na inabainisha kwamba uthibitisho ulitoka kwenye sehemu iliyosambaa. Chimbuko likikosekana kabisa, ni C80.9. C80.9 zikizidi ni dalili kwamba msajili aliishia kwenye karatasi ya maabara bila kufungua faili la wodini, ambako daktari alikwishaandika kwa kalamu mahali saratani ilipoanzia.

Kibofu kinaonyesha kwa nini tarakimu nne za umbile zisichezewe. Kichocho cha mkojo kinatambuliwa na IARC tangu 1994 kuwa kisababishi cha saratani ya kibofu, na saratani yake mara nyingi ni ya seli bapa, 8070/3. Katika nchi ambako kisababishi kikuu ni sigara, aina inayotawala ni nyingine, 8120/3. Kanda ya Ziwa kichocho ni mwenyeji. Msajili akiandika tu "saratani ya kibofu, 8000/3", maana yake saratani isiyotajwa aina, amefuta alama pekee ambayo ingemwambia mtafiti kwamba huyu huenda ni wa kichocho.

Kisha tarehe. Mwaka wa kuhesabiwa Kulwa unategemea siku inayochukuliwa kuwa ya utambuzi: Machi 12 alipofika wilayani, Aprili 9 kilipokatwa kinyama, au Aprili 30 majibu yalipotoka? Utaratibu unaotumiwa sana unaipa nafasi ya kwanza siku ya uthibitisho wa maabara, na ndani yake siku kinyama kilipochukuliwa hutangulia siku ya ripoti. Kwa hiyo ni Aprili 9. Ingekuwa Desemba na Januari, chaguo hilo lingemhamisha mwaka. Aliyegundulika Dar es Salaam 2019 akahamia Nyegezi, Mwanza, 2023 haingii 2023 hata akianza kliniki Bugando siku hiyohiyo. Si mpya.

Kinachofuata ni msingi wa utambuzi, tarakimu moja inayosema tumejuaje. Sifuri: cheti cha kifo pekee. Moja: dalili na macho ya daktari. Mbili: picha, kamera au upasuaji bila kinyama. Nne: kipimo cha damu cha alama maalumu. Tano: seli zilizovutwa kwa sindano, au damu. Sita: kinyama cha sehemu iliyosambaa. Saba: kinyama cha chimbuko. Tisa: haijulikani. Kulwa ni 7.

Kutokana na tarakimu hiyo hutoka kipimo kinachoeleweka vibaya kuliko vyote: asilimia ya wagonjwa waliothibitishwa na maabara. Wakubwa hupenda kuiona ikikaribia 100. Kwa mazingira yetu 100 ni habari mbaya. Inamaanisha msajili alikaa maabara, na mgonjwa wa ini aliyepigwa utrasaundi Nansio akarudi kisiwani hakuandikwa na mtu.

Kompyuta inapogoma

Kabla ya kuhifadhi, programu hukagua mambo yasiyoingiana. Mwanaume mwenye C53 inamkataa. Saratani ya tezi dume kwa mtu wa miaka chini ya 40 inauliza una uhakika. Saratani ya seli za ini iliyowekwa kwenye mfuko wa tumbo inaulizwa vilevile. Aina mahususi ya seli yenye msingi wa utambuzi 1 nayo inashikwa: nani aliziona seli hizo bila kinyama?

Baadhi ya makosa haya ni ya kuchapa. Mengine, na hapo ndipo msajili mzuri anapojulikana, ni ya kitabuni. Programu ikigoma, dawa si kubadilisha namba mpaka ikubali. Dawa ni kurudi kwenye faili. Mtu anayeitwa Shija huwa mwanaume au mwanamke. Karani alikisia jinsia kwa jina, akakosea.

Vifo

Chanzo cha mwisho ni vifo, na ndicho dhaifu kuliko vyote. Mahali ambapo kila kifo kina cheti chenye sababu iliyoandikwa na daktari, rejista hupokea vyeti vinavyotaja saratani, huvilinganisha na majina iliyonayo, na visivyooana huvifuatilia hospitalini. Ambao hakuna faili lolote lililopatikana huandikwa kwa cheti tu. Idadi yao ikiwa kubwa, inaonyesha wengi walipita bila kuonwa wakiwa hai.

Ziwani, mtu akifia nyumbani anazikwa kesho yake. Kibali cha mazishi kinatoka kwa mtendaji, na sababu ya kifo ni ile aliyosema ndugu: "tumbo", "kuvimba", "ugonjwa wa muda mrefu". Kwa hiyo sifuri za cheti kwenye rejista zetu ni chache, na uchache huo usimfurahishe mtu. Vyeti vyenyewe ndivyo vilivyokosekana. Njia mbadala ni kupiga simu kwa ndugu, kupita kwa wahudumu wa afya ya jamii, na kusoma kitabu cha tiba shufaa kinachojua nani hakurudi.

Kutoka majina hadi kiwango

Majina yakishasafishwa, kinachotoka nje ya rejista ni namba. Kugawa kunahitaji idadi ya watu, na hapo sensa ndiyo mfalme: Mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu 2,772,509 mwaka 2012 na 3,699,872 mwaka 2022. Miaka ya katikati hukadiriwa kwa umri na jinsia.

Kwa kuwa sisi ni jamii ya vijana na Ulaya ni ya wazee, kiwango ghafi hakilinganishwi. Hutumika jamii ya mfano ya dunia yenye watu 100,000, ambamo umri wa miaka 0 hadi 4 una watu 12,000, 50 hadi 54 una 5,000, na 75 hadi 79 una 1,000 tu. Tuseme, kwa mfano wa ubaoni, wanawake 40,000 wa miaka 50 hadi 54 wamepata saratani 30 za mlango wa kizazi kwa mwaka. Hiyo ni 75 kwa kila 100,000. Zidisha kwa 5,000, gawa kwa 100,000: kundi hilo linachangia 3.75 kwenye kiwango kilichosawazishwa. Fanya hivyo kwa kila kundi, jumlisha. Shirika la Afya Duniani limeweka mstari wa kuitokomeza saratani hii chini ya 4 kwa wanawake 100,000, kwa hiyo kundi moja la mfano wetu tayari limekaribia kuujaza. Unaona pia kwa nini umri uliozungushwa kuwa 50 unaleta hasara: unamvuta mtu wa miaka 48 kwenye kundi lisilo lake.

Kiwango kikipanda, usikimbilie kusema ugonjwa umeongezeka. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na mtu wa Sengerema aliyekuwa akisubiri kivuko sasa anavuka kwa dakika chache. Wakiongezeka wagonjwa wa ng'ambo kwenye vitabu vya miaka inayofuata, swali la kwanza ni wangapi walikuwa wakiugulia kule bila kufika.

Ripoti ya mwaka mmoja kwa kawaida hukamilika baada ya miezi 18 hadi 24, kwa sababu vinyama vya Desemba vinasomwa Februari na hospitali za visiwani hutembelewa kwa zamu. Data hutumwa kwenye mtandao wa rejista za Afrika, AFCRN, ulioanzishwa 2012, na kwa IARC, ambayo huchapisha mkusanyo wa viwango vya mabara matano, uliotoka kwa mara ya kwanza 1966, kwa rejista zinazopita mchujo wake. Majina hayaendi. Yanabaki kwenye kompyuta yenye nywila na kabati lenye kufuli, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaongeza meno. Hata meza za takwimu huchunguzwa: kata yenye mtoto mmoja mwenye saratani ya jicho haitajwi kwa jina, maana kijiji kizima kitamjua.

Chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Hao walizaliwa 2004. Watatimiza miaka 40 mwaka 2044. Kama chanjo imewakinga, itaonekana kwenye makundi ya umri ya C53, ya vijana kwanza, kwa rejista itakayokuwa bado inauliza swali lilelile la makazi na kuchagua tarehe ileile ya utambuzi. Kanuni yoyote ikibadilishwa katikati, iandikwe kwenye mwongozo pamoja na siku ilipoanza, na data za zamani zisiguswe mpaka pawe na nakala yake pembeni.